Hadithi za Kusubiri Moshi

Mwalimu hakuwahi kushuka duarani hata siku moja. Naanza na hilo, maana wanaomsifu siku hizi wanalisahau. Duara, kwa asiyejua, ni shimo la dhahabu. Unachimba kwenda chini kama kisima, unazuia kuta kwa magogo tunayoyaita matimba ili udongo usikurudie, ukigusa mwamba wenye mali unaufuata unakokwenda. Sisi tulishuka kwa kamba. Yeye alikaa juu, mdomoni mwa shimo, kwenye kigoda, na daftari la majina mapajani: nani kashuka, nani katoka. Miaka kumi na moja tulikuwa naye huko upande wa Kharumwa, na kiatu chake hakikukanyaga hata gogo la kwanza. Tukimtania anasema, "Mwenye daftari akishuka, nani atajua kwamba hajatoka?" Sisi tukaliona jibu la busara. Leo naliona jibu la mwoga, lakini sitaki kufungua kwa matusi.

Jina lake silitaji. Anayemjua atamjua, na asiyemjua hatapungukiwa na kitu. Wote tulimwita Mwalimu kwa sababu aliwahi kufundisha shule ya msingi kabla ya kuja kwetu. Kwa nini aliacha sijui, sikuuliza. Machimboni humuulizi mtu alikotoka, unamuuliza anaweza nini.

Mimi darasa la tatu niliishia mlangoni. Nilichunga ng'ombe, nikachekecha mchanga Maganzo nikitafuta almasi ambayo sikuiona, nikaja huku kwenye dhahabu nikaiona. Leo nina karasha tatu za kusagia mawe na nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nayasema mapema ili mtu asije akadhani ni mzee aliyekosa ndiyo maana analia. Sikukosa. Na kuandika huku ninakoandika, kwenye kaunta buku, kwa mkono wangu, nilifundishwa na yeye, juu ya lile daftari la majina, tukianza na jina langu. Hilo nalo nalisema. Ni haki yake.

Sasa habari ya hadithi. Ukishapiga baruti kwenye mwamba lazima usubiri moshi utoke ndiyo ushuke. Moshi ule unaweza usiuone na bado upo, umekaa chini kama maji, ukiuvuta mara tatu unalala na huamki. Lakini mchimbaji ni mtu wa ajabu. Ameusikia mwamba ukipasuka, anajua mali iko wazi, halafu unamwambia akae chini aangalie mikono yake saa nzima, saa mbili. Hawezi. Watu walikuwa wanashuka mapema, na wengine tuliwapandisha wamefungwa kamba kiunoni.

Mwenye duara letu alikuwa mama mmoja mfupi kutoka Ushirombo, mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Siku moja akamwambia, "Mwalimu, wewe una mdomo. Hawa watu wabakishe hapa juu mpaka moshi uishe. Mmoja akishuka mapema nakuuliza wewe."

Mwalimu akaanza kutusomea. Alikuwa na madaftari yake mwenyewe, ameandika kwa wino wa bluu, herufi zimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya kijana ambaye baba yake ana trekta. Kijana anakwenda shule kwa baiskeli, anafaulu, anapenda kusoma chini ya dirisha, mama yake anamletea maziwa. Tukasikiliza kidogo. Kulikuwa na mwenzetu anaitwa Shija, mtu wa Bukombe, mdomo wake haukuwa na mlango. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani Mwalimu. Huyu kijana amekula asubuhi?"

"Amekula."

"Na mchana?"

"Nadhani amekula."

"Basi mwache alale. Sisi anatuhusu nini?"

Watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha kikombe. Wawili wakasimama, wakaanza kujifunga kamba washuke. Mama mwenye duara akawarudisha kwa fimbo, kweli kwa fimbo, mgongoni. Mwalimu alifunga daftari polepole. Nakumbuka masikio yake yalivyobadilika rangi.

Safari iliyofuata akaja na daftari jingine. Akafungua bila kutusalimia. Mwaka ule mvua haikunyesha, akasoma, na kijana akaamka akakuta ng'ombe wa mwisho amelala miguu juu. Hakuna aliyesimama. Moshi ukaisha, mama mwenye duara akapiga kelele tushuke, Shija akamwambia, "Subiri mama, huyu mtu bado yuko njiani na mama yake mgongoni."

Hivyo ndivyo yule kijana alivyoingia maishani mwetu. Hakuwa na jina, Mwalimu alisema tu "kijana". Baba yake alikufa na njaa ile. Alimbeba mama yake mgongoni siku mbili mpaka zahanati ya misheni. Alichunga mifugo ya watu miaka mitatu bila viatu kwa ahadi ya mtamba mmoja, na siku ya kupewa, mwenye ng'ombe akamruka mbele ya mashahidi. Tulimlaani yule mwenye ng'ombe wiki nzima. Kuna mtu aliota anampiga. Kijana akaenda kwingine, akaanza tena, akaanguka tena. Mwalimu alituvusha naye miezi, msimu baada ya msimu, na kila baruti ikilia tulikimbilia kigoda chake kabla vumbi halijatua.

Nimejiuliza sana kwa nini tulimpenda yule mwenye njaa tukamkataa mwenye baiskeli. Wasomi watakuwa na majibu yao. Langu ni hili. Mtu aliyeshiba haulizwi swali. Unamwona, anapita. Mwenye njaa kila hatua yake ni swali: atakula? atasimama? ataiba au ataomba? Na sisi tulikuwa na maswali hayo hayo tumboni, ila hakuna aliyewahi kuyaandika kwa wino wa bluu. Ukisikia mtu wa kitabuni anatafuna michembe mikavu, viazi vile vilivyokaushwa juani, bila chumvi, unasema kumbe. Kumbe michembe yangu nayo inaweza kuandikwa. Unakaa vizuri kwenye jiwe lako kama mtu aliyepewa kiti.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na semi zake juu ya jambo hilo, na tulizibeba kama watu wengine wanavyobeba mistari ya misa. "Hadithi bila shida," alisema, "ni matimba yaliyosimikwa kwenye uwanja. Miti imesimama, haizuii kitu." Alisema pia, "Mpe mtu wako shimo kwanza, ngazi baadaye." Na ule uliokaa kwangu kuliko yote: "Usimhurumie aliye katikati. Katikati ndiko mtu anakotengenezwa." Tulikuwa tunaambiana duarani kabisa. Mwenzako amechoka, anataka kutoka, unampigia kelele: uko katikati wewe, kaza.

Ni Shija aliyeuliza, mbele yetu wote. "Mwalimu, sema kweli. Huyu kijana ni wewe?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Akasema, "Ni mimi."

Kuanzia siku hiyo kigoda chake hakikaliwi na mwingine. Akipita, wachimbaji wakubwa kwake wanampa shikamoo. Mimi nilikuwa nampa maji ya kunawa kwa mikono miwili.

Sasa ngoja niseme tuliyoyaona na hatukuyaona. Mashati yake yalipigwa pasi ya mkaa kila siku, hata Jumapili ya matope. Dagaa hali, anasema wana macho. Kuku akichinjwa anaondoka, anarudi akishapikwa, halafu anakula paja. Ng'ombe wakipita machimboni anasimama nyuma ya mtu. Siku moja mke wangu alimletea michembe ya kuchemsha kwa heshima, akijua historia yake. Akairudisha kwa kushukuru, akasema, "Wabeja, mama. Nimeila sana utotoni, imenikinaisha." Mke wangu alirudi nyumbani anafuta machozi. Mikono yake, mikono ya mtu aliyechunga miaka mitatu, ilikuwa laini kama ya mtoto wa padri. Tulisema ni kwa sababu ya kalamu. Mtu akishakupa hadithi unayoitaka, unamtafutia mwenyewe mashahidi.

Na bado siwezi kusema alikuwa bure. Msimu mmoja aliugua malaria, akalazwa siku nne. Siku ya pili tukapiga baruti. Hakuna kigoda, hakuna daftari. Shija akakaa, akainuka, akakaa. Akasema, "Mimi siwezi kuangalia mawingu." Akashuka. Tulimpandisha kwa kamba, mdomo uko wazi kama anataka kuuliza swali. Mwalimu alipotoka hospitali hakusoma kitu kwa wiki mbili. Halafu akasoma, na sauti yake ilikuwa kubwa zaidi, na hakuna mtu aliyekufa kwa moshi katika duara lile tena. Hilo nalo ni haki yake. Ndiyo maana kumchukia ni kazi ngumu, inabidi uanze upya kila asubuhi.

Mimi mwenyewe duara lilinifunga. Matimba yalilegea na mvua, kuta zikaingia, nikabaki kwenye kipande cha ukubwa wa chini ya kitanda siku nzima na nusu ya pili. Sikusali, nisidanganye. Nilikuwa nasema yule kijana angefanya nini. Nilikuwa nasema niko katikati. Waliponitoa mama mwenye duara alinikuta natabasamu, akadhani nimepata kichaa. Nilichokuwa nimekishika mle gizani ni mgongo wa mtu aliyembeba mama yake siku mbili. Niliuegemea huo.

Niliyatoa maneno ya Mwalimu duarani nikayapeleka nyumbani. Hapo ndipo lilipo jambo langu.

Nina binti, Minza, wa kwanza. Ndiyo maana watu wananiita Baba Minza. Aliolewa na mchimbaji, wakapata watoto wawili. Kukatokea rashi upande mwingine, maana dhahabu ikionekana mahali watu hukimbia wote kama nzige, na mume akakimbia nayo. Hakurudi. Minza akaja kwangu mwezi wa mvua, saa sita mchana, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono, kanga inachuruzika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kusalimia?"

"Nimekuja kuomba chumba. Kile cha mwisho, cha uani. Nipike, niwauzie wageni wako. Nikisimama nitaondoka."

Nyumba ya wageni ilikuwa ni ile ile, vyumba kumi na viwili. Siku hiyo saba vilikuwa wazi. Mke wangu alikwishainuka kufuata funguo. Nikamwambia, kaa chini.

"Minza, yule kijana wa Mwalimu unamkumbuka? Mlango wa kwanza aliobisha ungefunguliwa, leo angekuwa nani?"

"Baba, mimi si mtu wa kwenye hadithi."

"Kila mtu ni wa kwenye hadithi. Wewe uko katikati. Nikikutoa hapo, mwisho wako nitakuwa nimeula mimi."

Akasema, "Haya, baba." Akala ugali wote aliowekewa, akawalisha watoto, akaosha vyombo mwenyewe kama mgeni anavyofanya, akatoka na mvua yake.

Masika yale aliyakaa chini ya turubai kule mwaloni, wanakosafishia mawe, anaponda mawe kwa nyundo pamoja na wajane. Mtoto mdogo alipata kichomi, akapona kwa shida, kifua chake mpaka leo kinapiga mluzi. Mke wangu alikuwa anapeleka unga kwa siri, nami nikijifanya sijui. Kutoka mawe Minza akaingia kwenye uji, kutoka uji akaenda Ushirombo, na leo ana mgahawa wenye meza na vitambaa vya meza. Mnaona? Ndivyo nilivyokuwa nasema kwa wateja wa karasha, kila mwaka, kila mgeni: binti yangu nilimrudisha na mvua, nendeni mkamtazame leo. Nilisimulia kama Mwalimu, nikinyamaza pale pa kunyamaza, nikishusha sauti kwenye kichomi. Watu walitikisa vichwa. Vijana waliniambia, mzee, hiyo iandikwe.

Ila Minza hakukanyaga kwangu tena. Miaka tisa. Mama yake akienda anapokewa vizuri, anarudi na mchele. Mimi nikipiga simu napewa shikamoo na hatujambo, basi. Wajukuu nawajua kwa picha. Nilijiambia atakuja, hata hii ni katikati. Lakini mwili unazeeka, nikaanza kuogopa kwamba nitakufa katikati.

Kiangazi hiki nikasikia kwamba Mwalimu macho yamekwisha na amerudi kwao Samuye. Nikasema niende. Si kumsalimia tu. Nilitaka aniambie nimfanyeje binti yangu, kwa kuwa yeye alivuka yote, atajua mtu wa namna ile anarudishwaje. Nikabeba sukari, mchele na blanketi.

Nilitegemea kijumba. Nikakuta nyumba ya matofali ya kuchoma, ya zamani, kubwa, madirisha sita mbele, zizi ambalo zamani lilikuwa la ng'ombe mia. Dada yake mkubwa alinipokea, bibi mrefu, mkavu, amenyooka.

"Mwangaluka, baba. Pita. Mgonjwa wetu yuko ndani. Kitinda mimba huyu, deko lake halijaisha."

Mwalimu alikuwa kitandani kwenye chumba cha pili, mlango wazi, nikamsikia anakohoa. Nikaketi kwanza sebuleni kama adabu inavyotaka. Nikamwambia yule bibi, kwa moyo wangu wote, "Mama, poleni na mlikopita. Mwalimu alitusimulia ile njaa. Baba kufa, ng'ombe kuisha, na yeye kumbeba mama yenu mgongoni mpaka misheni."

Akanitazama kama niliyekosea nyumba.

"Nani alibebwa mgongoni?"

"Mama yenu."

"Na huyu?" Akaelekeza kidole chumbani. "Huyu hajabeba hata ndoo ya maji. Mama akiugua alipelekwa kwa trekta ya baba. Baba amekufa mzee, juzi juzi tu, ana meno yake."

Akanyanyua kidevu kuonyesha ukutani. Kulikuwa na picha ya zamani ndani ya kioo: mwanaume mnene mwenye kofia ameegemea trekta, na pembeni mtoto mwenye miwani, kaptura imepigwa pasi, viatu, na soksi nyeupe mpaka magotini.

"Alichunga miaka mitatu," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Ng'ombe anawaogopa mpaka leo. Tulikuwa na wachungaji sisi."

"Na michembe?"

"Michembe ya wachungaji hao." Akaanza kucheka, halafu akaniona uso, akaacha.

Kutoka chumbani sauti ikasema, "Dada, mpikie mgeni chai. Baba Minza, ingia."

Nikaingia. Sikumpa mkono. Alikuwa amekonda, macho yana utando, lakini shati limepigwa pasi. Nikabaki nimesimama.

"Umetudanganya."

"Kaa kwanza."

"Nimesimama."

"Nimewadanganya," akasema. "Shija aliniuliza nikasema ni mimi. Ulikuwa uongo. Sina pa kujificha, hata macho ya kukukwepa sina."

"Kwa nini?"

"Unaikumbuka hadithi ya kwanza? Ya baiskeli na maziwa? Ile ndiyo yangu. Kila neno lake kweli. Niliwaletea nafsi yangu mkaniuliza imekula mara ngapi. Wawili wakainuka wakafe kwenye moshi, kwa sababu maisha yangu hayana ladha."

"Ungesema ni ya kutunga. Tungesikiliza."

"Shija angesikiliza?"

Shija asingesikiliza. Tulitaka mtu aliyefika, tumshike nguo, tuone kwamba njaa ina mlango wa kutokea. Hilo nalijua. Lakini kulijua hakukunipoza. Niliona siku ile chini ya udongo, nimeegemea mgongo, na sasa nageuka naona sikuegemea kitu.

Nikamweleza ya Minza. Yote. Mvua, chumba, maneno niliyomwambia, turubai, kichomi, miaka tisa. Alisikiliza bila kusogea.

"Ulimrudisha kwa maneno yangu?"

"Kwa maneno yako. Neno kwa neno."

Akasema, "Baba Minza, yule kijana nilimwandikia mwisho kwanza. Daftari la mwisho ndilo nililoanza nalo. Sikumlaza njaa hata siku moja bila kujua atakula ukurasa gani. Wewe siku ile unamrudisha binti, ulijua anatokea wapi?"

"Sikujua."

"Basi hilo si mimi niliyekufundisha."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mzee wa watu, haoni, nilitaka kumpiga kofi kwenye kitanda cha baba yake mwenye trekta. Yaani aniibie na bado anisahihishe.

"Ndiyo wewe," nikamwambia. "Mwisho uliujua ukaufunika. Ukatuambia shida ndiyo iliyomtoa. Kumbe ni wewe uliyemtoa, kwa kalamu, umekaa kivulini. Sisi tukaenda kuishika shida mkono tukidhani ndiye mama wa mtoto. Ungetuambia hilo moja tu, Mwalimu. Kwamba kuna mtu anamtoa."

Dada yake akaleta chai, akaweka, akatoka kwa kunyata. Mwalimu akasema, "Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Sijui. Mimi sikuzaa."

Nikatoka, nikaenda kusimama kwenye zizi lile tupu. Nikapiga. Ikaita mpaka karibu kukatika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Minza, siku ile ya mvua nilikosea. Chumba kilikuwepo."

Nilisikia sahani, na mtu anaagiza maharage. "Najua kilikuwepo," akasema. "Nilipita dirishani nikaona kitanda kimetandikwa."

Nikashika mti wa zizi.

"Baba, shida sikuichukia. Huku kila mtu ana ya kwake. Nilichukia ulivyoipenda. Watu wanakuja kula hapa kutoka huko kwako, wananiuliza wewe ndiye yule binti wa mvua? Wanakula huku wananitazama."

"Nitaacha kusimulia."

"Huwezi kuacha, nakujua. Sasa ukisimulia, simulia yote. Useme na vyumba saba vilikuwa wazi."

"Nitasema."

"Haya. Mama anasema miguu inakuvimba. Punguza chumvi." Akakata.

Hakusema njoo. Hakusema usije pia. Nilisimama pale mpaka jua likaanza kunichoma shingo, kisha nikarudi ndani kuchukua kofia yangu.

Mwalimu alikuwa amejiinua kwenye mto. Macho hayaoni, lakini shingo aliinyoosha upande wangu, mdomo wazi kidogo, kama sisi tulivyokuwa tunakaa mbele yake baruti ikishalia.

"Amesemaje?" akauliza. "Eti, Baba Minza? Amesemaje?"

"Amesema hajambo," nikamwambia, nikavaa kofia.